Barua ya wazi: Hati za mfungwa zinapoishia njiani, asiadhibiwe aliyezituma

Kwa:
Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya yetu
Mheshimiwa Marshali wa Marekani wa Wilaya hiyo
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo
Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Magereza ya Jimbo

YAH: HATI ZA MAHAKAMA KUTOWAFIKIA WADAIWA KATIKA KESI ZA WAFUNGWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, na kwa miaka 14 sasa nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee katika nyumba za matunzo hapa Marekani. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, anatumikia kifungo katika gereza la jimbo. Kosa alilifanya, alihukumiwa, na miaka yake anaihesabu. Hilo sina neno nalo. Ninachokileta kwenu ni kesi ya madai aliyoifungua akiwa ndani, na namna hati za kesi hiyo zilivyoshindwa kumfikia mtu mmoja aliyepaswa kujibu kuliko wote.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Barua ya kwanza nilimwandikia karani wa mahakama Septemba 2024. Alinijibu kwa adabu kwamba mimi si mhusika wa kesi wala si wakili, hivyo hawezi kupokea hoja zangu, na kwamba karani haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Nilimwelewa, ndivyo sheria ilivyo. Ya pili niliipeleka ofisi ya marshali, yaani maofisa wa shirikisho wanaolinda mahakama na kupeleka hati zake, nikaambiwa kwa simu kwamba wao wanafuata maelekezo ya mahakama, si ya ndugu wa mfungwa. Ya tatu, kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, haijajibiwa hadi leo. Zote tatu niliandika kwa Kiingereza, na nakala ya Kiingereza ya barua hii nayo nimewatumia kwa posta. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu wako Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wengi katika nchi hii wenye kijana wao gerezani, na karatasi ya mahakama ikirudi imeandikwa "hakupatikana" wanadhani kijana wao ameshindwa kesi. Nataka nao wajue maana yake.

Naomba pia nieleweke. Simwombi jaji anayesikiliza kesi ya mdogo wangu aegemee upande wowote. Akishasikiliza pande zote akaona hana haki, tutapokea. Naongelea hatua iliyo kabla ya hapo, hatua ya kumfikishia mtu wito kwamba umedaiwa, njoo ujibu.

KILICHOTOKEA

Mdogo wangu ana kisukari tangu akiwa na miaka 19. Machi 2022 alipata lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa sababu ya buti za kazi. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kisukari anajua kuwa lengelenge la mguuni si la kusubiria. Kwa siku nne mfululizo alimwonyesha muuguzi wa zamu ya usiku. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimekuwa cheusi na soksi imegandamana na nyama. Muuguzi alimpa vidonge viwili vya maumivu, akamwambia ajaze fomu ya kuomba kuonwa na daktari. Sajenti wa zamu alipoombwa aite gari alisema muuguzi ameshaamua. Siku ya tano mdogo wangu alianguka kwenye foleni ya chakula. Hospitali walimkata kidole kile na kipande cha mguu.

Alipitia ngazi zote za malalamiko za mle ndani, kama sheria ya 1996 ya kesi za wafungwa inavyomlazimu kabla ya kwenda mahakamani. Kisha akaandika hati ya madai kwa mkono wake, kurasa 17, kwa ile kalamu laini inayopinda wanayouziwa wafungwa, na Januari 2024 akaikabidhi kwa ofisi ya gereza itumwe mahakamani. Mei 2024 jaji alimaliza uchambuzi wa awali ambao kila kesi ya mfungwa dhidi ya maofisa wa serikali lazima ipitie. Akaona madai dhidi ya watu wawili, muuguzi na sajenti, yana msingi wa kuendelea chini ya Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili. Kwa kuwa mdogo wangu hana uwezo wa kulipa, akaamuru mamarshali ndio wapeleke hati.

Kwa sajenti mambo yalikwenda vizuri. Alitumiwa fomu ya kukubali kupokea hati bila kuletewa rasmi, ikarudi imesainiwa ndani ya siku 30, na mawakili wa jimbo wakajibu madai ndani ya zile siku 60 ambazo kanuni inawapa. Naandika hili makusudi, kwa sababu linaonyesha kuwa kazi hii inawezekana.

Nakala ya fomu ya muuguzi ninayo mezani hapa. Ni ile fomu USM-285, moja kwa kila mdaiwa. Mahali pa maelekezo ya kusaidia kumpata mtu, mdogo wangu amejaza nafasi yote kwa herufi kubwa: jina la muuguzi kama lilivyo kwenye rekodi zake za matibabu, zamu ya usiku, jengo, tarehe nne za Machi 2022, na kwamba idara ya magereza na kampuni iliyomleta muuguzi huyo zina kumbukumbu zake. Chini, kwenye sehemu inayojazwa na marshali, kuna alama kwenye kisanduku cha kuthibitisha kwamba mtu huyu hakuweza kupatikana. Kwenye mstari wa maoni yameandikwa maneno machache tu, kwamba hafanyi kazi tena katika gereza hilo. Halafu tarehe na sahihi. Hakuna anwani nyingine iliyojaribiwa, wala hakuna aliyeandikwa kuwa aliulizwa.

Baada ya hapo ikaja amri: mfungwa alete anwani ya muuguzi ndani ya siku 30, la sivyo muuguzi ataondolewa katika kesi. Amri yenyewe ilimfikia siku ya 12, maana alikuwa amehamishiwa gereza lingine na barua zikawa zinamfuata nyuma. Aliandika kwa ofisi ya utumishi ya gereza la kwanza, akajibiwa kwamba taarifa za watumishi ni siri. Aliiandikia kampuni, haikujibu. Aliomba mahakama imwongezee muda, ombi likafika muda ukiwa umekwisha. Novemba 2024 muuguzi aliondolewa katika kesi.

Mama yangu, ambaye yuko Morogoro na ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Kwani huko hakuna mwenyekiti wa mtaa? Si wampelekee yeye ile samansi, atamjua mtu wake anapokaa?" Nilimweleza kwamba huku hakuna utaratibu huo. Akaniuliza tena: "Sasa nani anajua anapokaa?" Wanaojua, Waheshimiwa, ni idara ya magereza, kampuni, na ofisi ya serikali iliyompa leseni. Mdogo wangu ndiye asiyejua, na ndiye aliyepewa siku 30.

MALALAMIKO YETU

1. Kazi ya kumtafuta mdaiwa amepewa asiyeweza kuifanya. Sheria ya shirikisho kuhusu wadai wasio na uwezo inasema maofisa wa mahakama ndio watakaotoa na kupeleka hati zote katika kesi hizo. Kanuni ya 4 ya mwenendo wa kesi za madai inasema mdai akiruhusiwa kuendesha kesi kama mtu asiye na uwezo, mahakama lazima iagize hati zipelekwe na marshali au mtu maalum aliyeteuliwa. Hakuna mahali sheria hizo zinaposema kwamba marshali akirudi mikono mitupu, mfungwa aanze upelelezi.

Tena jambo hili limekwisha kuamuliwa. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliyoko Chicago, ambayo maamuzi yake yanaifunga mahakama yenu, ilisema mwaka 1990 katika kesi ya Sellers dhidi ya Marekani kwamba mfungwa anatakiwa kutoa taarifa za kutosha kumtambua askari anayemdai, basi. Kumfikia ni kazi ya marshali. Mwaka 1995, katika Graham dhidi ya Satkoski, ikasema marshali akishapewa taarifa hizo na bado akashindwa kufikisha hati, kushindwa kwake ni sababu ya msingi ya kumwongezea mdai muda. Na ikaeleza kwa nini kazi hii wamepewa mamarshali: kwanza, ni hatari kiusalama wafungwa kupewa anwani za watumishi wa magereza, pili, mfungwa anayeomba taarifa katika ofisi za serikali mara nyingi huishia kuzungushwa. Majaji wale walijua, miaka mingi kabla ya mdogo wangu kukatwa kidole, kwamba angezungushwa. Wakaandika ili asizungushwe.

2. Neno "hakupatikana" linapokelewa bila kuuliza alitafutwa vipi. Hili naliongea kama mtu wa kazi hiyo. Mimi ni msaidizi wa wauguzi. Nafanya kazi nao kila siku. Hapa hakuna muuguzi anayefanya kazi bila leseni, na leseni inatolewa na bodi ya jimbo ambayo inakaa na anwani yake na kumtaka aihuishe kila baada ya muda. Hali ya leseni ya muuguzi yeyote iko wazi kwa umma. Usiku mmoja nikiwa mapumzikoni kazini niliandika jina lililo kwenye rekodi za mdogo wangu. Kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimeona kwamba leseni ile bado ni hai na mwenyewe yuko katika jimbo hili hili. Anwani ya nyumbani haikuonyeshwa, na sawa kabisa, sikuihitaji wala sikuitaka. Lakini barua moja ya marshali kwa bodi ile, au simu moja kwa kampuni iliyokuwa ikimlipa mshahara, ingetosha. Mtu aliyeacha kazi hajatoweka duniani.

Najua wauguzi na askari wa magereza hubadilika sana. Wengi huletwa na mawakala kwa miezi michache, kisha hao wameondoka. Kesi ya mfungwa kwa sheria zetu huchukua mwaka na zaidi kufika hatua ya kupeleka hati: malalamiko ya ndani, rufaa ya ndani, uchambuzi wa jaji. Ikiwa jibu la "hafanyi kazi tena hapa" linatosha kumtoa mtu katika kesi, basi kila aliyeacha kazi kabla hati hazijatoka amepata kinga ambayo Bunge halikuitunga.

3. Muda unahesabiwa dhidi ya mfungwa katika siku ambazo kazi iko mikononi mwa wengine. Kanuni inatoa siku 90 za kufikisha hati. Zilikuwa 120 hadi zilipopunguzwa Desemba 2015. Amri iliyomtoa muuguzi inasema ameondolewa bila kumzuia mdai kufungua madai upya. Ukiisoma juu juu unaona hakuna kilichoharibika. Lakini katika jimbo letu kesi ya aina hii inatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Jeraha ni la Machi 2022. Hata ukitoa miezi aliyoitumia kwenye malalamiko ya ndani, Novemba 2024 mlango ulikuwa umeshafungwa. Ameambiwa anaweza kurudi, na njia ya kurudia haipo. Nawaombeni mlisome jambo hili mara mbili, kwa sababu ndilo linaloniamsha usiku.

4. Aliyefikiwa anamtupia lawama asiyefikiwa. Majibu ya sajenti, yaliyoandikwa na mawakili wa jimbo, yanasema yeye si mtaalamu wa tiba na alitegemea uamuzi wa muuguzi. Huenda ni kweli. Lakini muuguzi hayupo mahakamani kuulizwa. Wakili wa serikali anaandika kwamba uamuzi ulikuwa wa mtu ambaye serikali hiyo hiyo imekataa kusema anapopatikana, na mfungwa asiye na wakili anatakiwa ashinde kesi katikati ya ukimya huo.

5. Gharama zinaendelea kukatwa. Watu wengi hudhani mfungwa anafungua kesi bure. Tangu 1996 hata asiye na uwezo hulipa ada yote, ambayo kwa mdogo wangu ni dola 350, kidogo kidogo: asilimia 20 ya kila kinachoingia kwenye akaunti yake kwa mwezi, akaunti ikizidi dola 10, hadi deni liishe. Nikimtumia dola 50 za sabuni, soksi na simu, dola 10 zinakwenda mahakamani. Siililii ada hiyo, sheria ni sheria, ila kesi ikitupwa deni halitupwi naye anaendelea kukatwa. Familia yetu imelipia huduma ya kumfikishia mtu wito, na wito haujafika.

6. Wengine hawana hata jina la mdaiwa. Baada ya kuandika barua zangu nilizungumza na kina mama wengine tunaokutana chumba cha kusubiria siku za kutembelea. Mmoja, mama wa Kikongo ninayekutana naye siku za Jumamosi, mwanawe alipigwa na maofisa wawili ambao vitambulisho vyao vilikuwa vimegeuzwa. Kesi yake imekwama kwenye "mdaiwa asiyejulikana". Mzunguko wa Saba ulisema tangu 1981, katika Duncan dhidi ya Duckworth, na tena 1996 katika Donald dhidi ya ofisi ya Sherifu wa Kaunti ya Cook, kwamba mdai asiye na wakili asaidiwe kuwatambua wahusika, hata kwa kumbakiza mkuu wa gereza katika kesi ili atoe majina. Baadhi ya majaji hufanya hivyo kila mara, wengine hawafanyi. Haki ya mtu isitegemee jaji gani kaangukiwa na faili.

MTAKAYOYASEMA

Mtasema ni suala la usalama, kwamba askari na muuguzi wana watoto, na anwani zao hazipaswi kuangukia mikononi mwa wafungwa. Nakubaliana nanyi kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nahudumia watu wasio na utulivu wa akili, na nisingependa anwani yangu izagae. Ndiyo maana hatujaomba anwani iletwe kwa mdogo wangu. Apewe marshali peke yake, kwa bahasha iliyofungwa kwa amri ya mahakama, na isiingie kwenye jalada la wazi.

Mtasema mamarshali wana kazi nyingi. Wanazo, na naziheshimu: kulinda majaji, kusafirisha mahabusu, kusaka watoro. Lakini tangu 1983 waliondolewa kazi ya kupeleka hati katika kesi za kawaida za madai. Mwenye uwezo anamlipa mtu wake binafsi. Walibakiziwa makundi machache, na mdai asiye na uwezo ni mmoja wao. Alibakizwa kwa sababu hana mwingine.

Mtasema wafungwa wanafungua kesi nyingi zisizo na msingi. Zipo. Ndiyo kazi ya ule uchambuzi wa awali, na kesi ya mdogo wangu iliupita. Tukifika hatua ya kupeleka hati, jaji amekwisha kusema madai haya yanastahili jibu.

Idara ya magereza itasema muuguzi hakuwa mtumishi wake bali wa kampuni. Idara ndiyo iliyoingia mkataba na kampuni hiyo, ndiyo iliyompa kitambulisho cha kupita getini, na ndiyo iliyokubali kwamba mguu wa mfungwa wake utazamwe na huyo. Mkataba unaoruhusu kampuni kumweka mtu zamu ya usiku unaweza pia kuitaka iseme mtu huyo anapatikana wapi.

Na mtasema mfungwa ajitahidi mwenyewe. Hana intaneti. Simu zake zina kikomo cha dakika na zinasikilizwa. Maktaba ya sheria huenda kwa zamu, na gereza likifungiwa ndani haendi kabisa. Alijitahidi: nina nakala za barua zake nne na jibu moja.

Ningependa mkumbuke pia kwamba milango hii ilifunguliwa katika mzunguko wetu huu. Sheria anayoitumia mdogo wangu ni ya 1871, iliyotungwa kuwalinda Weusi waliotoka utumwani dhidi ya Ku Klux Klan na maofisa waliofumba macho. Kwamba mfungwa wa jimbo naye anaweza kuitumia, Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 1964 kwa kesi ya mfungwa wa gereza la Stateville, Illinois. Mwaka 1972, katika Haines dhidi ya Kerner, ikasema hati ya mfungwa asiye na wakili isipimwe kwa mizani kali ya hati za mawakili. Haines naye alikuwa mfungwa wa Illinois, mtu mzima wa miaka 66, aliyelalamika kwamba kulazwa sakafuni na blanketi tu kulizidisha maumivu ya mguu wake uliokuwa na jeraha la zamani. Nilipoisoma habari hiyo, usiku, nilikaa nayo muda mrefu. Naye alikuwa na mguu unaouma na karatasi aliyoiandika mwenyewe, na ilisomwa hadi juu kabisa.

TUNACHOOMBA

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu: kwanza, mahakama itoe agizo la kudumu kwamba mdaiwa akiwa ameacha kazi, idara ya magereza au kampuni yenye mkataba impe marshali anwani ya mwisho inayojulikana, kwa siri, ndani ya siku 14. Pili, marshali akirudisha fomu ya "hakupatikana", aambatanishe maelezo ya alikwenda wapi na alimuuliza nani, na mahakama imwagize ajaribu tena kabla ya kumgeukia mfungwa. Tatu, siku zote ambazo fomu iko mikononi mwa marshali zisihesabiwe dhidi ya mdai, na amri yoyote yenye tarehe ya mwisho ianze kuhesabiwa siku mfungwa anapoipokea na kusaini. Mahakama ya Juu ilikwisha kukubali mwaka 1988, katika Houston dhidi ya Lack, kwamba rufaa ya mfungwa ihesabiwe imewasilishwa siku anapoikabidhi kwa maofisa wa gereza, kwa kuwa hana uwezo juu ya posta. Barua inayokwenda kwake nayo hana uwezo juu yake.

Kwa Mheshimiwa Marshali: ofisi yako iwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake ni hati za wadai wasio na uwezo, na ambaye anaweza kuiandikia bodi ya leseni au kampuni bila kusubiri kuambiwa.

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu: ofisi yako inapopokea hati za watumishi watatu na kumwakilisha mmoja, iseme kwa maandishi, mapema, ni nani haimwakilishi na mahakama imtafute kwa nani. Katika Wilaya ya Mashariki ya California mahakama na idara ya magereza ya jimbo zimekubaliana hati za kesi hizi ziende kwa njia ya kielektroniki, idara ijibu nani atakubali kupokea na nani hatakubali, na waliobaki wafuatwe na marshali. Jimbo letu linaweza kukaa na mahakama na kukubaliana vivyo hivyo.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: kila mkataba mpya wa huduma za afya magerezani uwe na kifungu kinachoitaka kampuni kutunza anwani za watumishi wake walioondoka na kumpa marshali anapoziomba. Na ofisi za utumishi za magereza zielekezwe kwamba mfungwa akiandika kuomba msaada wa kumfikishia mtu hati, barua hiyo ipelekwe kwa mwanasheria wa idara. Isijibiwe kwa neno "siri" na kuachwa hapo.

Na la mwisho nalitaja kwa niaba ya wengine kuliko sisi: yapitiwe mafaili ya miaka mitatu iliyopita ambamo mdaiwa aliondolewa kwa sababu moja tu, ya kutofikiwa na hati. Palipoonekana kwamba mfungwa alitoa jina na mahali pa kazi, mdaiwa arudishwe katika kesi na hati zipelekwe.

Mdogo wangu bado anaendelea na kesi dhidi ya sajenti. Ameomba uamuzi wa kumtoa muuguzi uangaliwe upya, na ombi hilo liko mbele ya jaji. Sitasema lolote zaidi juu yake. Anatembea kwa kiatu maalum kilichojazwa sponji mbele, na mwezi uliopita aliniambia amezoea, ila ngazi bado zinamsumbua.

Nitashukuru kupata majibu yenu kwa maandishi, kwa lugha yoyote mtakayopenda, ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Ni muda ule ule aliopewa yeye.

Wenu kwa heshima,

Dada wa mdai

Nakala: Kina mama wa chumba cha kusubiria, siku za Jumamosi